Shamba la Mapacha na Vyombo vya Angani

Nimestaafu. Najua neno hilo huchekesha likitoka kwangu, maana umri wangu bado ni wa kutumwa dukani, na kazi yenyewe niliifanya miaka mitatu na ushee. Mzee Shabani, dereva wetu, aliponisikia nikilitamka alisema mstaafu hupewa godoro, saa ya ukutani na hotuba ndefu, nami sikupewa hata soda. Lakini kazi nimeiacha kwa hiari yangu mwishoni mwa 2015, na sirudi. Kama huko si kustaafu, basi sijui kunaitwaje.

Naandika kwa ajili yenu, Yohana na Stela, mliochukua fimbo baada yangu. Bwana Kiangi aliniomba niwaeleze kazi. Kwa mdomo nisingeweza, kwa sababu mbele ya watu sauti yangu hupotea. Kwa kalamu naweza, ila polepole. Niliishia darasa la saba, na kila sentensi naisoma upya kabla sijaiacha. Habari za mshahara sitaandika. Mtaujua wenyewe, na mtanyamaza kama nilivyonyamaza.

Nilianza mwaka 2012, Kasulu. Bwana Kiangi ni mpima ardhi, mtu wa Upareni, aliyeletwa huku na mradi wa kupima mashamba ya vijijini ili wenye mashamba wapewe hati za kimila. Alitafuta mtu wa kumshikia fimbo. Tulijitokeza vijana wengi uwanjani, akatupa fimbo mmoja mmoja tuisimamishe wima. Kwenye fimbo kuna pimamaji ndogo ya duara. Kiputo kikikaa katikati, fimbo imenyooka. Wenzangu walinizidi nguvu, lakini kila aliyeshika, akipita mtu anayemfahamu, aligeuka kumsalimia na kiputo kikakimbia. Mimi nilikitazama kiputo kwa sababu niliogopa kutazama watu. Bwana Kiangi akasema, "Huyu hapa." Nyumbani walikuwa wakiniombea kanisani ili aibu initoke. Baada ya siku ile waliacha kuomba.

Sasa vifaa. Mashine ni mbili. Ya kwanza tuliiita mama. Inasimama juu ya miguu mitatu mahali palipo wazi, na haihami kutwa nzima. Ya pili ni mtoto, imefungwa juu ya fimbo, nanyi mnatembea nayo kutoka kona moja ya shamba hadi nyingine. Zote mbili zina kichwa cheupe kama bakuli lililofunikwa, na zote zinasikiliza setilaiti, yaani vyombo vinavyozunguka huko angani. Mama anasikia, kisha anamsahihisha mtoto kwa redio. Msimweke mama chini ya mti wala karibu na bati. Miguu yake ikanyagieni ardhini kwa nguvu, hasa masika, kwa maana udongo wetu mwekundu unazama kimyakimya. Msiegemee fimbo hata mkichoka. Betri chajini mjini. Vijijini mtaahidiwa sola, na mtakuta imekwisha kwa simu za kijiji kizima. Bebeni panga kali na maneno machache.

Siku ya kwanza nilidhani vyombo vile vinatupiga picha, nikaja na gauni la Jumapili. Bwana Kiangi alilitazama, akatazama matope, akanieleza bila kucheka.

"Havikuoni, Edisa. Kila kimoja kinasema mambo mawili tu: mimi niko hapa, na saa yangu ni hii. Mashine inasikiliza kadhaa kwa pamoja, inapiga hesabu, inajua imesimama wapi."

"Vimepelekwa huko juu kutaja saa tu?"

"Kutaja saa sawasawa ni kazi kubwa. Muulize Shabani."

Mzee Shabani alikuwa amechelewa asubuhi ile.

Huyu Mzee Shabani ni mtu wa Ujiji, ameendesha magari ya miradi ya kila aina, na kila mradi ulipokufa yeye alibaki na usukani. Ndani ya gari nilikaa katikati, kati yake na Bwana Kiangi, na kwa miaka mitatu nilisikia ubishi uleule ukipita mbele ya pua yangu. Mzee Shabani alishikilia kwamba fedha inayorushwa angani ni wizi. Alisema watu wanatengeneza chombo cha thamani ya hospitali nyingi, wanakiwashia moto, kinapaa, nao wanapiga makofi, huku mwanamke wa Mabamba anabebwa kwa machela kwenda kujifungua.

"Wamalize kwanza ya chini," alisema. "Kisha wakitaka wapande hadi kwenye jua, mimi nitawaendesha."

"Ya chini hayamaliziki, mzee," Bwana Kiangi alijibu. "Ukingoja njaa iishe ndipo upime shamba, utakufa njaa shambani mwa mwenzio."

"Na ukipima shamba huku mtoto analia, utamzika kwenye shamba lenye hati. Edi, nani kasema kweli hapo?"

Nilisema sijui. Walikuwa wamezoea nisijue. Lakini nilikuwa nafikiri, na kila mmoja aliponyamaza niliona ana haki, jambo ambalo halimfai mtu anayekaa katikati.

Vijijini walitutania kila mahali. Waliniita mvuvi wa mbinguni. Waliniuliza kama nimepata sato au dagaa. Nanyi mtaulizwa. Msijibu, ila mcheke kidogo, kwa maana mtu asiyecheka kabisa hudhaniwa amekuja kuchukua ardhi.

Masika ya 2014 tulihamia kijiji kimoja upande wa Kitahana, wilaya ya Kibondo. Mahali pazuri pa kumsimamisha mama palikuwa uani kwa mjane mmoja, Mama Gervasi, kwa sababu nyumba yake iko kileleni na ua wake hauna mti. Tulimwomba, akakubali, akafagia mahali pa kuiweka. Tukaiwasha mashine, tukamwachia, tukateremka bondeni na mtoto.

Adhuhuri mvua ilinyesha. Mara mtoto akawa haeleweki. Namba kwenye kioo zilirukaruka, kisha mashine ikaandika kwamba haimsikii mama. Bwana Kiangi alibadilisha betri, akakaza nyaya, akaniambia nipande tuta, nishuke tuta. Hapakuwa na nafuu. Kazi ya mchana wote ikapotea. Tulipopanda kileleni tukiwa tumelowa, tulimkuta mama amesimama palepale kwa heshima zote, amefunikwa karai kubwa la bati, na juu ya karai kuna jiwe ili upepo usilipeperushe. Mama Gervasi mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa.

"Mwakeye," alitusalimia, salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni. Nadhani ni furaha. "Mvua imekuja ghafla. Nikasema mzigo wa mgeni haunyeshewi uani kwangu na mimi nimo ndani."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni akiacha hata jembe lake uani, ukiliacha likanyeshewa ni kama umemwagia yeye maji. Angefanya vile mwanamke yeyote wa kijiji kile. Bwana Kiangi alishukuru. Kisha akaeleza kwa upole kwamba mashine haidhuriki na mvua, ila ikifunikwa bati haisikii kitu.

Ukingoni mwa ua jirani mmoja alikuwa amesimama akitazama. Alikuwa Mzee Bukuru, shemeji yake Mama Gervasi. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Kumbe! Wazungu wamepoteza mali yote ile kurusha vitu mbinguni, na karai la Mama Gervasi limevishinda!"

"Sikuvishinda," Mama Gervasi alijibu, "nimevikaribisha. Wewe hujui kukaribisha, ndiyo maana hujui tofauti."

Nikawafahamu hivyo wote wawili. Mambo yao yalikuwa haya. Bukuru na Butoyi walizaliwa mapacha, na baba yao aliwaachia shamba moja. Butoyi alipooa Mama Gervasi, ndugu walipanda mstari wa minyaa katikati, huyu akalima upande huu na yule upande ule. Hapakuwa na karatasi. Butoyi alifariki. Tangu hapo, kila msimu minyaa kadhaa ilikauka upande wa chini, na jembe la Bukuru likapita palipokuwa na minyaa. Mama Gervasi alikuwa na watoto wa kulisha kwa maharage ya shamba lile. Alihesabu kwamba misimu michache zaidi na mstari wenyewe hautakuwepo, na asiye na mstari hana la kusema.

Aliniuliza siku ya pili, nikiwa namsubiri Bwana Kiangi uani, "Mwanangu, hivyo vyombo vyenu vimeona minyaa yangu ya zamani? Ile iliyong'olewa?"

Nikamwambia havioni, vinataja saa tu.

Akafikiri. "Basi vina macho ya shemeji yangu."

Utaratibu mnaujua au mtaujua: mpaka haupimwi na mtu mmoja. Majirani wawili wanautembea pamoja mbele ya wajumbe wa kamati ya mipaka ya kijiji, wanakubaliana kila kona, ndipo mshika fimbo anasimamisha fimbo. Tulimwita Bukuru. Alikuja hadi ukingoni, akakataa kutembea.

"Mapacha hawagawanyiki," alisema. "Mmoja akienda, aliyebaki ndiye wote wawili. Shamba ni moja. Andikeni jina langu, na huyu mama atalima kama alivyokuwa akilima. Nani kamfukuza?"

"Mlipozaliwa mlikuwa wawili," Mama Gervasi alisema. "Mlipoumwa surua mliumwa wawili. Mbona kwenye shamba umekuwa mmoja?"

Wajumbe walicheka. Bukuru hakucheka. Aliondoka, na mpaka ule ukabaki haujapimwa. Tulipima mashamba yote yaliyouzunguka, hata kwenye ramani ukaonekana kama jino lililong'oka.

Mama Gervasi alinivuta pembeni, akaniomba nitembee naye sisi wawili tu, nisimamishe fimbo penye minyaa iliyobaki. "Huyo wa juu atapokea," alisema. "Hatauliza Bukuru yuko wapi." Hapo alisema kweli. Mashine ingepokea. Mashine inapokea popote mnapoisimamisha, hata katikati ya kanisa. Nilimwambia Bwana Kiangi. Akasema, "Setilaiti zinajua mahali. Mwenye mahali zinaachia watu waseme." Tukaenda kijiji kingine, na kila tulipopita barabara ile alikuwa anasimama kileleni akitutazama.

Mwishoni mwa mwaka huo tulikuwa tunakula kwenye mgahawa mmoja Kibondo mjini, ugali wa muhogo na migebuka, na juu ya kabati la soda kulikuwa na televisheni. Taarifa ya habari ikaonyesha watu wenye miwani wakikumbatiana na kulia. Walikuwa wameteremsha chombo juu ya jiwe lenye mkia linalozunguka mbali huko, baada ya safari ya miaka mingi. Kisha muuguzi mmoja aliyekaa meza ya mlangoni akasema bila kumwelekea mtu, "Na sisi tumeishiwa glavu tangu juzi."

Mzee Shabani aliweka tonge chini. "Haya, Bwana Vipimo. Mtetee huyo."

Nilidhani Bwana Kiangi atajibu upesi kama kawaida. Alichambua mwiba wa samaki kwa muda.

"Hilo la jiwe siwezi kulitetea mbele ya huyu dada," alisema. "Sijui faida yake. Najua tu kwamba waliopeleka saa za kwanza angani hawakuwa wanamfikiria mjane wa Kitahana. Walikuwa wanafikiria vita vyao. Na leo tunazitumia bure."

"Kwa hiyo tusubiri makombo ya vita?"

"Nasema tunayala tayari. Hukufika hapa kwa miguu, umekuja na gari. Nalo halikubuniwa kwa ajili yako."

Muuguzi akasema, "Mimi sikatai jiwe. Nauliza nani alipanga foleni, mbona jiwe liko mbele yangu." Akalipa, akaondoka. Swali lake nalibeba mpaka leo. Nimeliandika hapa ili msidhani ubishi ule ulikuwa wa gari letu tu.

Mwaka 2015 watu walianza kuvuka kutoka Burundi. Kwanza wachache, kisha makundi, Mabamba kwa upande wa Kibondo na Manyovu kwa upande wa Kasulu, akina mama na magodoro kichwani, watoto wamefungwa mgongoni mwa watoto. Vijijini nyumba zilijaa ndugu wa mbali. Maji yakawa haba hata kwa wenyeji. Ikaja amri kwamba magari ya miradi yote iliyoweza kungoja yaende kubeba maji na mahema. Mradi wetu uliweza kungoja. Fedha yake ilihamishwa pia. Bwana Kiangi alitusomea ujumbe kwenye simu, akaongeza kwamba gari linatakiwa Mabamba kesho alasiri na matangi juu yake, na baada ya hapo hatujui.

Mzee Shabani hakushangilia, ingawa ndiyo hoja yake ya miaka mitatu. Alisema tu, "Ni haki." Bwana Kiangi naye akasema ni haki. Ndiyo mara pekee niliyowasikia wakikubaliana, na haikunipendeza.

Ilibaki asubuhi moja. Bwana Kiangi aliamua tuitumie kwa jino lile lililong'oka. Tulipakia matangi Kibondo, tukajaza maji, tukapitia Kitahana. Tulimsimamisha mama uani kwa Mama Gervasi, kisha Bwana Kiangi akaenda mwenyewe kwa Bukuru. Nilimfuata na fimbo. Nyumba ya Bukuru ilikuwa imejaa wageni kutoka ng'ambo, wamekaa hadi kwenye ngazi.

"Mzee, leo ndiyo mwisho," Bwana Kiangi alisema. "Mashine zinafungwa. Mpaka wenu ni mmoja. Yeye asipopata hati, wewe pia hupati."

"Mimi? Pande zangu nyingine mmeshapima zote."

"Pande tatu. Shamba la pande tatu hatuna hati yake."

Bukuru alikuwa na kijana, Method, aliyekuwa anataka kuoa, na wakwe wa Kasulu walikuwa wameuliza kijana atajenga wapi na karatasi iko wapi. Haya tuliyajua kwa sababu kijiji kizima kiliyajua. Akatutazama sisi, akawatazama wageni wake, akaingia ndani. Nikadhani basi. Akatoka amevaa viatu vya mpira.

"Twende," alisema. "Lakini kila mnyaa nitausemea."

Na aliusemea. Wajumbe walikuja, Mama Gervasi akaja amefunga kanga mbili, na tukaanza kutoka juu. Kona ya kwanza walibishana hadi mjumbe mmoja akakaa chini. Bukuru alisema mnyaa ule ulipandwa na mbuzi. Mama Gervasi alisema labda ndiyo, maana aliyeupanda alikuwa Bukuru mwenyewe. Nilisimamisha fimbo, kiputo kikatulia, mashine ikalia kwamba imepokea. Tukashuka. Palipokuwa na visiki vya minyaa iliyong'olewa Bukuru alionyesha kwa kidole cha mguu, bila kusema nani aliyeing'oa. Nikasimamisha. Mashine ikalia. Huko barabarani Mzee Shabani alikuwa anapiga honi.

Kona ya mwisho ilikuwa mkuyu. Baba wa mapacha aliupanda, matawi yake yamefunika nafasi kama ya nyumba, na shina ndilo kona. Nilisimama chini yake, na mashine haikusikia kitu. Anga lote lilikuwa majani. Tulisogea huku, tukasogea kule. Mzee Shabani akaja mwenyewe kwa miguu, amevua kofia.

"Kiangi, kuna watu wana kiu."

"Najua."

"Unajua, lakini umesimama chini ya mti."

Bwana Kiangi akatoa tepu begini. Mti ukiziba anga, mnaweka alama mbili mahali pa wazi, mnazipima kwa mashine, kisha kutoka kila alama mnavuta tepu hadi shinani. Kazi hiyo inataka mikono. Mimi nilikuwa na fimbo, yeye alikuwa na kioo cha kuandikia, wajumbe wawili walikuwa wazee wenye maumivu ya mgongo. Akampa Mama Gervasi kichwa cha tepu akishike shinani, na Bukuru akampa mkia.

"Vuta, shemeji," Mama Gervasi alisema. "Usilegeze. Ukilegeza unajiongezea."

"Nikivuta sana nitakuangusha."

"Niangushe. Ila vuta."

Akavuta. Tepu ikanyooka kati yao, na Bwana Kiangi akaisoma kwa sauti ili wote wasikie. Wakahamia alama ya pili, wakavuta tena, safari hii bila maneno. Mzee Shabani alisimama kando ameshika kofia, na nilimwona akiinama kuangalia kama tepu imegusa tawi. Ilikuwa imegusa. Alikwenda akalikunja tawi, akalishika hadi namba ikasomwa.

Tulifika Mabamba tumechelewa. Sitaandika kwamba haikuwa kitu. Watu walikuwa wamekaa kando ya barabara juani, na waliposikia gari hawakukimbia, walisimama tu, taratibu, na vikombe. Nilipanda juu nikafungua bomba la tangi. Mwanamke mmoja alimnywesha mtoto, akamnywesha mwingine, akanirudishia kikombe akidhani ni changu. Sikujua angekunywa saa ngapi kama tungeacha ule mkuyu. Mzee Shabani angeweza kunisema, au kumsema Bwana Kiangi. Alijaza ndoo.

Nilibaki kwenye maji. Kwenye kambi ya wakimbizi walitaka watu wa kusimamia mabomba, wanaoweza kusimama mahali pamoja kwa saa nyingi bila kugombana, na hiyo nilikuwa naijua. Huko nilimwona Bwana Kiangi tena. Aliitwa na mashine zake kuonyesha mahema yakae wapi na vyoo vikae wapi, visije vikamwaga uchafu kwenye visima. Vyombo vilevile vya juu vilitumika, na safari hii hakuna aliyeviambia vingoje nyuma kwenye foleni. Nilimwambia Mzee Shabani. Akasema, "Basi na choo kina setilaiti." Lakini hakusema tena kwamba ni wizi. Alisema wanarusha vingi mno.

Mkiniuliza mimi, na mtaulizwa nanyi, naona hivi. Mwenye kiu apewe maji kwanza, wala asielezwe habari za kesho. Gari letu lilichukuliwa kwa haki. Lakini anayesema tusirushe kitu mpaka shida zote ziishe, huyo hajaona jinsi mstari wa minyaa unavyopungua wakati watu wanashughulikia shida nyingine. Kuhusu jiwe lenye mkia, bado niko upande wa muuguzi. Hayo ndiyo maoni yangu, na nimeyaandika kwa siku nyingi.

Mwisho wa mwaka mradi ulifunguliwa tena, hati zikachapwa, na Bwana Kiangi akaja bombani kuniita. Nilimwambia nimestaafu. Hakubisha. Akaniomba kitu kimoja tu, nipeleke hati ya Kitahana mwenyewe, kwa kuwa hati ya Bukuru, Method alikwishaifuata mjini kwa baiskeli, na ya Mama Gervasi haikuwa na wa kuifuata.

Nilimkuta anapura maharage. Alinawa mikono, akaikausha kwa kanga, akaikausha tena, kisha hakuipokea.

"Soma wewe," alisema. "Mimi sijui."

Nami mnajua ninavyosoma. Nilianza juu kabisa, kwenye nembo, nikapita jina la kijiji, nikapita namba, kila neno nikilikanyagia kabla ya kwenda la pili. Hakuniharakisha. Nilipofika mahali pa mwenye shamba nikasoma jina lake la ubatizo na la baba yake.

"Butoyi hayupo hapo?"

"Hayupo, mama."

"Bukuru?"

"Yuko chini, amesaini kama jirani."

Akakaa juu ya gunia. Vumbi la maharage lilikuwa bado hewani. Alinyoosha kidole, akauliza jina lake linaanzia wapi na linaishia wapi, nikamwonyesha, akapima kwa ukucha urefu wake.

"Soma tena," alisema, "kuanzia mwanzo."